Mshazari

Inchi sita, alisema Nyamawi, akaniwekea kiganjani
kitu chembamba kama sabuni ya mwisho wa mwezi.
Nikavuta tepu, maana shingoni haiondoki,
nikapima upana: tatu na nusu na ushee.
Urefu: haufiki tano.
Binti, nikamwambia, hapa sita siioni.
Akacheka. Akaishika ile tepu yangu,
akainyoosha pembe hii hadi pembe ile.
Hupimwa mshazari, mzee.

Miaka thelathini na mmoja nakata kanzu Kuze
na sijamwona mtu akipimwa mshazari,
bega la kushoto hadi kisigino cha kulia.
Lakini bei yao ndivyo ilivyokatwa. Nikanyamaza.

Dukani pale, barabara ya Digo, zilikuwa tatu:
sita, nane kasoro, kumi na kitu.
Nyamawi akizisifu zote sawa
kama mama anayeoza mabinti watatu siku moja.
Hii yaingia mfukoni. Hii yapumzisha macho.
Hii ndiyo ukurasa kamili.
Kisha akaniinamia kwa huruma, kunionya:
ila katuni hizi za Kijapani, mzee,
huanzia kulia kwenda kushoto. Utazoea tu.

Binti. Mimi alifu, be, te nilizipokea kutoka kulia,
chuoni, kwa ufito, meno ya utoto hayajang'oka.
Wewe nambie inchi.

Sikununua. Nilirudi kwangu, nikapasua boksi la biskuti,
nikakata vipande vitatu kwa vipimo vya dukani
kama nikatavyo karatasi ya kola kabla ya kugusa kitambaa.
Wiki nzima nikatembea navyo.

Cha sita kililala mfukoni hata nikakisahau.
Lakini yale mapovu ya maneno nayajua,
nimeyaona kwenye simu ya Faiz, mwanafunzi wangu:
herufi kama dengu, na mimi macho nimeyamalizia
kwenye darizi, kwenye kofia za harusi za watu.

Cha kumi nilikishika kitandani, chali, ndani ya chandarua.
Mkono ukaanza kutetemeka,
kikanidondokea puani.
Shufaa akawasha tochi.
Wasoma nini?
Boksi.
Boksi la nini?
La manga.
Manga ya pilipili, au Manga walikotoka kina babu yako?
Nikafikiri kidogo. Ya Japani, nikasema,
ila zote zaanzia kulia.
Akazima tochi.

Nilichokitaka ni hiki, na kumwambia naona haya:
kuna mpishi wa tambi, nduguye kapotea mlimani,
na ukifika kwenye theluji
kurasa huwa mbili, picha moja,
mlima mzima mweupe na yeye pale chini,
hazidi ncha ya sindano.
Kwenye simu niliona goti. Nikasogeza.
Nikaona wingu. Nikasogeza.
Mlima sikuuona.

Jumatatu nilichukua ile ya kati, nane kasoro.
Haiwaki kama simu. Kijivu chake ni cha gazeti
lililoloa likaanikwa.
Usiku huo stima ilikatika Mji wa Kale wote
na mimi nikamfikisha mpishi kwenye theluji, kwa tochi ya Shufaa,
nikailaza skrini ubavu.
Mlima ukaingia. Mdogo, lakini wote.
Na katikati, pale kurasa zinapokutana,
uzi mmoja mweupe, hauonekani ila kwa mwenye kazi yake:
mtu kakata vizuri, kuunga kakosea.
Nikautazama uzi ule kuliko mlima.

Kanzu zangu zote nimeziongeza mfuko,
sita kwa nane,
nimepima upana, kisha urefu, kama watu.
Kipande cha sita kiko chini ya mguu wa cherehani,
haitetereki tena.
Kile cha kumi, Shufaa anapepea makaa.